Siku ya kuhama kambi: mzee anataka Njoro hadi Kakamega kwa pumzi moja

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaoishi ndani ya gari, wengi wao wawili wawili, na wengi wako pande zetu za Nakuru kuelekea ziwani. Tumezipunguza kidogo ndio zitoshee na majina tumeyaficha.

SWALI: Habari ya kazi mwandishi. Mimi na mzee wangu tulistaafu, watoto wote wako kwao, tukaona badala ya kukaa tu Nakuru tukihesabu kuku afadhali tutembee. Mzee alikuwa na matatu, ile boksi ya Hiace, akaitoa kazini akaipeleka kwa fundi ikang'olewa viti, ikawekwa kitanda, jiko, sinki kadogo na sola juu. Sasa tunaishi humo, tunakaa kambi moja wiki moja au mbili halafu tunahama. Siku za kukaa hatuna shida kabisa. Shida ni siku ya kuhama. Huyu mtu akishika usukani anarudi kuwa dereva wa matatu, anahesabu tripu. Juzi tulitoka kambi ya upande wa Njoro tukielekea msitu wa Kakamega, akasema tunafika leo leo. Tuling'oa nanga saa tano asubuhi juu kila mtu alikuwa anafikiria mwenzake amefunga vitu. Kabla ya Molo kabati ikafunguka sufuria ya dengu ikamwagika yote, kufika Londiani jerikeni ya maji ikaanguka godoro likalowa, Kericho ikatupata mvua ya mawe, na yeye hataki kusimama eti tumepoteza muda. Tulifika geti ya msitu usiku imefungwa, tukalala kwa kituo cha mafuta hatuongeleshani. Sasa ameanza kusema tukirudi Nakuru tutarudi kwa siku moja. Naomba uniambie siku ya kuhama inafaa ikae aje, na mimi kazi yangu ni gani humo ndani, juu naona nimegeuzwa konda. – Mama wa Boksi, Nakuru

JIBU: Mama, pole na dengu. Wacha kwanza nimtetee mzee kidogo. Mtu aliyeendesha matatu miaka yote kichwa chake kinajua kwamba gari ikisimama pesa imesimama, hawezi kubadilika juu tu viti vimetolewa. Lakini gari yenyewe imebadilika na hilo ndilo hajaona. Zamani kona ikija abiria anajishikilia kiti. Sasa amebeba nyumba, na sufuria haina mikono.

Nimesoma barua yako mara mbili na naona kitu kimoja, kwamba karibu kila kilichowapata siku hiyo kilitoka kwa ile saa tano. Mngetoka saa mbili asubuhi Kericho mngeipita kukiwa kukavu, geti mngeikuta wazi, na hata ile haraka ya mzee isingekuwepo kwa sababu hakuna muda wa kufukuzia. Huku magharibi mvua ina tabia yake na ukiijua unaishi nayo vizuri. Asubuhi ni jua, ikifika mchana nchi imepata joto na upepo wa ziwa unasukuma hewa yenye unyevu kuelekea milimani, inapanda Nandi na Kericho inapoa, na kuanzia saa nane hivi mawingu yameshajaa. Kericho mara nyingi inakuja na mawe, waulize wakulima wa chai watakuambia hasara yake. Sasa wewe una sola ya kioo juu ya paa, na kama fundi alikuwekea kile kidirisha cha plastiki cha kuingiza hewa hapo juu basi hicho ndicho kinavunjika kwanza, na ukishaloweshwa kitandani kutoka juu hakuna mahali pa kukimbilia.

Marekani, ambako watu wengi sana wanaishi kwa magari ya aina hii, wana kanuni wanaiita tatu-tatu-tatu. Usiendeshe zaidi ya maili 300 kwa siku, fika kambini kabla ya saa tisa mchana (kwao ni saa 3 p.m.), na ukifika kaa angalau siku tatu. Hiyo ya maili 300 mimi naitupa kabisa. Maili 300 ni kama kilomita 480, ukitoka Nakuru ukaelekea Malaba utakuwa umeshavuka mpaka uko ndani kabisa Uganda na bado hujazimaliza. Kanuni hiyo ilitungwa na watu wa barabara pana zisizo na matuta wala trela limeharibikia katikati ya mlima. Kwa barabara zetu, boksi ikiwa imejaa, naona kilomita 100 hadi 150 zinatosha kwa siku, na hata hizo uzigawe na kikombe cha chai katikati. Lakini ile ya saa tisa mshike mzee nayo shati. Saa tisa bado kuna mwanga wa kuona ardhi imeinama upande gani, maji yakinyesha yatapita wapi, na mti gani una tawi kavu juu ya paa lenu. Halafu geti za mbuga na hifadhi za KWS, lile shirika la wanyamapori la serikali, kwa kawaida zinafungwa saa kumi na mbili jioni, na askari wa geti hajali ulikuwa umebakisha dakika ngapi.

Sasa tuje kwa hiyo barabara yenyewe. Kutoka Njoro hadi kambi ya Buyangu, ile ya upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, ni kilomita kama 250 ukipitia Kericho na Kisumu. Kwa gari ndogo hiyo ni siku moja ya kawaida. Kwa nyumba ni siku tatu za kuhama, na katikati mnakaa: Njoro hadi Kericho, mkae, Kericho hadi Kisumu, mkae, halafu Kisumu hadi Kakamega, ambayo ni fupi ila matuta yake, kuanzia Kiboswa kuendelea Mbale na Chavakali, hayahesabiki, na kila tuta ni mtihani kwa kabati. Kisumu kuna hifadhi ya KWS ya Impala kando ya ziwa, karibu na Dunga, lakini piga simu kwanza uulize sehemu ya kambi iko kavu, juu tangu ziwa lifure 2020 kando kando ya maji si pa kuamini. Na mkilala Kisumu neti ya mbu si pambo. Nyie mmetoka Nakuru mmezoea baridi, ukanda wa ziwa malaria iko mwaka mzima.

Mlivyotoka Njoro naona mlipitia Elburgon na Molo, na hapo mzee alichagua vizuri, mpe maua yake. Njia ile ina ukungu asubuhi lakini trela ni chache, unakuja kuingia barabara kubwa Mau Summit. Wengine wakitoka Nakuru wanapitia Salgaa na Sachangwan, na sihitaji kumwambia mtu wa matatu historia ya hapo. Sachangwan ndipo tanka la petroli lililipuka Januari 2009 na watu zaidi ya 100 wakafa. Kupanda si mbaya sana, shida ni injini kuchemka na lori zinazoshuka upande wa pili zikiwa zimechoka breki. Na kwa vile barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa, hesabu ya muda wa hapo usiiamini, ya simu pia usiiamini.

Kutoka Mau Summit mnapitia Londiani Junction. Hapo tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo likaingia kwa wachuuzi na magari yaliyokuwa yamesimama kando, watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Ninayataja haya kwa sababu watu wa magari ya kulala tuna tabia ya kusimama popote tukiona viazi vizuri au kabichi ya bei. Ukitaka viazi, toka barabarani kabisa, ingia kwa kituo cha mafuta au uwanja, paki ukiangalia pa kutokea, halafu tembea kwa miguu urudi sokoni. Usipaki kando ya lami mahali lori linashuka.

Kericho kuelekea Awasi ndipo mimi ningeongea na shemeji kwa upole. Kericho iko juu ya mita 2,000, Kisumu iko kama 1,130, na tofauti hiyo yote mnaishuka kwa kilomita themanini tu, mteremko mkubwa ukiwa upande wa juu. Matatu tupu inashuka na breki inashika. Nyumba yenye kitanda cha mbao, betri, mitungi na maji haishiki hivyo. Kama boksi yenu ni otomatiki, kando ya gia kuna kitufe cha O/D, cha kuzima gia ya juu, akibonye taa iwashe O/D OFF, na kwa mteremko mkali aweke 2, injini ipige kelele, wacha ipige, hiyo kelele ndiyo breki. Breki ya mguu aikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kisha aachilie, si kuiegemea kilomita tatu mfululizo. Kukianza kunuka kama kitambaa kinaungua, mnatafuta mahali tambarare mnasimama nusu saa, hamwagi maji juu ya disiki ya moto. Na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama yanaonekana sawa, yanavuta unyevu polepole, na yakipata joto la mteremko yanachemka, pedo inaenda chini kama hakuna kitu.

Sasa swali lako la konda. Siku ya kuhama inaanza jana yake jioni, na hapo ndipo wewe si konda, wewe ndiye mwenye ratiba. Jioni mnapiga simu kambi mnayoenda, mnauliza kama kuna nafasi na kama gari ya urefu wenu inapita getini bila kugusa tawi. Mkienda mahali pa KWS mnalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, mkiwa bado na mtandao, juu hawapokei pesa taslimu na kule msituni simu inaweza kukuangusha. Mafuta yanajazwa jioni. Chakula cha njiani kinapikwa jioni: mayai ya kuchemsha, nduma au viazi vitamu, chapo, na chai inaingia thamosi asubuhi. Siku ya kuhama hakuna sufuria yenye kitu cha majimaji inasafiri, hata ikiwa na kifuniko, hata ikiwa imefungwa na leso. Dengu inaliwa jana au inaliwa kesho.

Maji nayo. Lita 100 ni kilo 100, kuna haja gani ya kupandisha Mau na kilo mia ambazo utazipata tena kule mbele? Bebeni lita ishirini za njiani, jerikeni ikae chini sakafuni nyuma ya kiti cha dereva ikiwa imefungwa na mkanda wa kiti, kitandani hapana. Na kwa vile nyie ni watu wa Nakuru mnajua mambo ya meno ya kahawia: maji ya visima vya Bonde la Ufa, Njoro ikiwemo, mengi yana floridi nyingi, na kuyachemsha hakuitoi. Mkifika Kericho na Kakamega shida inageuka, huko floridi si hoja, vijidudu ndivyo vya kuchemshia.

Asubuhi gawaneni kazi na msibadilishane. Yeye nje, wewe ndani, au kinyume chake, lakini ikishaamuliwa ibaki hivyo kila safari, juu siku mnayosaidiana ndiyo siku hakuna aliyefunga kabati. Wa nje anapima presha ya tairi zikiwa baridi, anakunja turubai, anachomoa waya ya stima na paipu ya maji, anatoa mawe chini ya tairi na kuyarudisha alikoyatoa, anaangalia chini ya gari kama kuna tone la mafuta. Wa ndani anafunga gesi kwenye mtungi wenyewe, kuzima jiko peke yake haitoshi, anashusha kila kizito kiende chini, anafunga kabati kwa lachi ya kubonyeza au hata mpira wa baiskeli, zile sumaku ndogo fundi alizokuwekea ni za nyumba isiyotembea. Halafu kabla ya injini kuwaka mnazunguka gari wote wawili, mmoja kulia mwingine kushoto, mnakutana nyuma. Kila mmoja ataona kitu cha mwenzake. Hakuna kuulizana "umefunga?" kwa sababu jibu la hilo swali ni "ndio" hata kama si ndio.

Njiani, kilomita kumi za kwanza mkishamaliza simameni, dakika tano tu, mfungue mlango mchungulie ndani na mguse tairi kwa mkono. Kitu kikitaka kuanguka huwa kimeshaanza kusogea hapo. Dengu yenu ingeokolewa hata kabla ya Elburgon.

Jambo la mwisho kwako mama. Kama una leseni, endesha kipande cha Awasi, Ahero hadi Kisumu, ni tambarare kati ya mashamba ya mpunga, mzee akae kiti cha kushoto asikie sufuria zinavyogonga nyuma. Dereva hazisikii vizuri, injini ya boksi iko chini ya makalio yake. Na haya yote usimwambie asubuhi akiwa na funguo mkononi. Mwambie siku ya kukaa, baada ya kula, na umwekee kwa lugha yake: tripu moja, kufika saa tisa.

SWALI: Sisi ni vijana wawili hapa Kisumu, mke na mume, kazi yetu ni ya mtandaoni so tunaweza kukaa popote. Tulinunua matatu iliyochoka tukaigeuza wenyewe, imebaki vile ilivyokuwa nje, hata ile laini ya njano iko. Kila tukihama tunasimamishwa na trafiki tunaulizwa abiria wako wapi, siku ingine tunakaa lisaa lizima. Kuna karatasi tunafaa kuwa nayo? – Tumechoka Kujieleza

JIBU: Polisi hana makosa hapo ndugu zangu. Ile laini ya njano ililetwa na kanuni za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilizoanza kutumika 2004 pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo, na maana yake ni moja tu, gari hii inabeba abiria wa kulipa. Ukitembea nayo ukiwa na pajama nyuma ni lazima uulizwe. Ifuteni, na si kwa karatasi ya kubandika, ipakwe rangi.

Karatasi ndiyo kazi yenyewe. Gari iliyosajiliwa kama ya abiria ikigeuzwa matumizi na umbo la ndani, mnaomba mabadiliko NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kupitia eCitizen, gari inakaguliwa, na logibuku, kile kitabu cha umiliki wa gari, inatoka ikisema kitu kile kile ambacho macho ya askari yanaona. Kabla hamjapeleka ukaguzi hakikisheni viti mlivyobakisha vimefungwa kwenye chesisi kwa bolti na vina mikanda. Kitandani hakuna mtu wakati gari inatembea, hata kama mmoja wenu amelala saa tisa usiku akimalizia kazi ya mzungu. Hilo nalisema kwa ukali kwa sababu naona picha zenu mitandaoni.

Baada ya logibuku nendeni kwa kampuni yenu ya bima muwaambie ukweli wote, kwamba kuna kitanda, kuna sola, kuna gesi. Bima ya matatu haiwafai, na bima ya gari ya kawaida ambayo haijaambiwa kuhusu jiko itakuwa na sababu nzuri sana ya kukataa kulipa siku kukiungua. Bima ya watu wengine (third party) ni lazima kisheria, lakini hiyo hailipi hata kijiko chenu kimoja.

Gesi nayo kwa vile mmejitengenezea. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haiendi juu, inatulia sakafuni inangojea cheche. Kwa hivyo tobo la kutolea hewa linawekwa chini kabisa karibu na mtungi, dirishani haisaidii. Mtungi unasimama wima, umefungwa na mkanda juu na chini. Ule wa kilo 13 ukijaa unapita kilo 25 na chuma chake, ukiachiliwa wakati wa breki za ghafla utakuja mbele kuwasalimia. Ule wa kilo 6 unatosha watu wawili. Friji siku ya kuhama itumie stima ya betri peke yake.

Na kama mna mkutano wa kazi siku hiyo, ahirisheni, au hameni Jumamosi. Sahani ya intaneti juu ya gari inayopanda Riat haifanyi mtu aonekane mtaalamu.

SWALI: Swali fupi na naomba usicheke. Choo. Tuna kile cha kubeba chenye tangi chini. Siku ya kuhama huwa imejaa na hatujui pa kuimwaga, mume wangu anasema shimo lolote porini ni sawa. Tuko upande wa Homa Bay. – Mke wa Mwenye Shimo

JIBU: Sicheki dada, hii ndiyo barua ya maana kuliko zote mwezi huu. Porini si sawa, kando ya mto si sawa, na karibu na ziwa ndiyo kabisa, hilo gugumaji mnaloliona likifunika maji linanenepeshwa na uchafu wetu sisi.

Tangi linamwagwa kambi mnayotoka, asubuhi ya kuhama. Mkingojea mnakoenda, mtasafiri na lita kumi na kitu za kile kitu zikipanda na kushuka matuta, na mfuniko huo ulitengenezwa na mtu ambaye hajawahi kufika Rongo. Muulize mwenye kambi siku mnafika, si siku mnaondoka, kama ana choo cha shimo au septiki, na kama ni septiki mwambie mnatumia dawa gani. Dawa nyingi za buluu zinaua harufu kwa kuua vijidudu, na hivyo vijidudu ndivyo vinavyofanya kazi ndani ya septiki na ndani ya zile biodaijesta, matangi ambamo vijidudu husaga kinyesi, kwa hivyo ukimwaga unamwachia mwenye kambi tatizo la mwezi mzima. Tafuta ile isiyo na formalini, au uache dawa kabisa na umwage kila baada ya siku mbili. Kambi nyingi za huku zina choo kizuri cha shimo tayari; mkiwa mmekaa tumieni cha kambi, chenu kiwe cha usiku wa mvua na cha njiani, mtashangaa kitakavyochelewa kujaa. Mkishamwaga, suuza, weka maji kikombe kimoja na sabuni kidogo, matuta ya njiani yataosha yenyewe.

Na mikono, hapo hapo, kabla ya kugusa usukani.

SWALI: Mimi ndiye dereva na mke wangu ndiye anayenielekeza nikirudi nyuma kambini. Ananiambia "njoo njoo njoo" halafu nikagonga kisiki cha mti. Kila mtu kambini alitoka kuangalia. Tuuze? – Aliyegonga Kisiki, Molo

JIBU: Msiuze. "Njoo" haina mwisho, ndiyo shida yake. Kubalianeni mambo machache mkiwa bado barabarani, kwamba yeye anasimama pale unapomwona kwenye kioo cha pembeni, na ukikosa kumwona umesimama papo hapo bila kuambiwa. Mikono miwili juu ni simama. Kelele zote zingine hazihesabiki, ziwe zake au za wale majirani wa kambi waliokuja kusaidia na kila mmoja anaonyesha upande wake. Kama kuna giza au kona, pigianeni simu, spika ikiwa wazi, aongee taratibu akitaja mita zilizobaki.

Kabla hujaingia shuka, utembee mpaka pale nyuma uangalie kwa macho yako: kisiki, jiwe, shimo, na juu pia, matawi na waya za stima. Watu wanaangalia chini wanasahau paa. Sola yako imeongeza urefu wa gari na wewe bado unakumbuka urefu wa zamani. Pima na utepe kutoka chini hadi sehemu ya juu kabisa, andika kwa kalamu ya wino mzito, bandika juu ya dashibodi. Itakusaidia pia kwa vituo vya mafuta vyenye paa fupi na zile paki za maduka makubwa zenye chuma mlangoni.

Na mkiona bado mnafokeana, yeye aende ofisini kulipia kambi, wewe upaki peke yako polepole, ushuke kuangalia mara tano kama inabidi. Gari itakuwa imekaa sawa na chai itakuwa bado moto kwa thamosi.